Sakafu ya Makopa

Asubuhi nilikuwa nasugua masufuria kwa majivu nyuma ya nyumba, hapa Kitaya ninapoishi na Bibi Yolanda. Kusugua najua kuliko kuongea. Darasani nikiulizwa jibu ninalolijua, nalimeza. Dada Nilza ndiye aliyekuwa akinisemea, na Dada hajaja nyumbani tangu Pasaka.

Anafanya kazi kiwanda cha saruji huko Mtwara mjini. Pasaka alituletea mifuko mitatu ya saruji ili Bibi ajengewe sakafu ya kuanikia makopa, mihogo mikavu ya kusaga unga. Mihogo yetu tunaianika chini mchangani, mbuzi wanapita juu yake, na mwaka jana sote nyumbani tuliharisha. Bibi alifurahi, mpaka Dada alipoeleza kwamba kiwandani wanajaribu saruji mpya. Tope la majitaka linasafishwa, linakaushwa, kisha linachomwa tanurini pamoja na mawe ya chokaa.

"Majitaka ya vyooni?" Bibi aliuliza.

"Ndiyo, Bibi. Lakini moto wa pale ni mkali, hakibaki kijidudu."

"Nianike chakula changu juu ya choo cha watu wa mjini? Ondoka na uchafu wako."

Dada aliondoka siku hiyohiyo, mifuko akaiacha. Mimi alinishika shavu tu. Tangu hapo nikisikia pikipiki natoka mbio, kumbe ni muuza samaki.

Leo mawingu yalitanda upande wa mto, na stoo yetu inavuja. Saruji ikilowa inaganda, na ikiganda, Dada atarudi kufanya nini? Jirani yetu Mama Somoe alikuja kuomba moto, akachungulia stoo.

"Yolanda, bado mnafuga choo humu ndani?"

Wakacheka wote wawili. Nikanyoosha mikono yangu yenye majivu.

"Bibi, majivu haya ni ya nini?"

"Si ya mavi ya ng'ombe tuliyochoma jana kufukuza mbu?"

"Na masufuria haya ndiyo tunayopikia."

Mama Somoe aliacha kucheka. Bibi akachukua sufuria, akapitisha kidole ndani, akakitazama.

"Kumbe huyu mtoto ana mdomo," Mama Somoe akasema.

"Anao," Bibi akajibu. "Kamwite mjomba wako Domingo aje na mwiko wake wa kujengea."

Mfuko mmoja ulikuwa umeshaganda pembeni, mingine ilikuwa mizima. Mama Somoe mwenyewe alibeba mchanga, na kila karai la zege alilinusa akidhani hatumwoni. Mvua ilipita mbali. Jioni sakafu ilikuwa imelala chini ya turubai.

Bibi alikaa kando yake muda mrefu.

"Mjukuu wangu," akasema, "kitu usichokijua, uliza kwanza kimefanywaje, ndipo ukikatae. Mimi nilikataa kwa pua, na pua yenyewe haikusikia harufu yoyote. Mwandikie dada yako. Mwambie nilikosea. Aje aione."

Niliandika hivyohivyo, nikaongeza la kwangu: "Dada, leo niliongea."

Meseji imekwenda. Simu nimeiweka dirishani, maana hapo ndipo haivutwi na mtandao wa nchi jirani, ng'ambo ya mto. Bibi anageukageuka kitandani.

"Amejibu?"

"Bado, Bibi."

Amejigeuza upande wa ukutani, kisha ameuliza tena.