Sauti Yangu Ilipita Makambako Bila Kushuka

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, mkazi wa Njombe. Haya yalinikuta nikiwa binti, miaka ile ya soko huria, makampuni ya mtandao yalipoanza kumiminika huku kwetu.

Nilikuwa fundi mitambo wa kampuni moja ya mbao. Kazi yangu ilikuwa kurusha matangazo ya ofisi kuu kwenda matawi yote: Songea, Makambako na Mafinga. Sauti ilitoka Njombe mara moja tu, imebandikwa lebo yenye orodha ya matawi ya kushushiwa. Mitambo ya njiani haikujua kilichomo. Ilisoma lebo, ikatoa nakala na kushushia kila tawi ya kwake. Ubaya wake ni mmoja: aliyetuma harudishiwi jibu. Tawi moja likikosa, utajuaje?

Fundi mwenzangu alikuwa Beda, mchumba wangu. Alishajitambulisha nyumbani, mahari ikapokelewa. Kwa furaha niliitangaza harusi yetu kwa matawi yote. Jamani, nilijiona nimefika!

Haukupita muda, mama akaugua. Tukamlaza hospitali ya Ikonda, akapasuliwa, akahitaji damu haraka. Mimi nilipimwa, haikulingana. Aliyelingana naye ni mdogo wangu Fidelis tu, mtunza stoo wa tawi letu la Makambako. Fidelis hakuwa na simu ya mkononi, na simu ya mezani ya tawi lao ilikuwa mbovu.

Nilikuwa nimerudi kazini Njombe nilipoletewa habari kwamba mama amezidiwa. Nikakimbilia kipaza sauti huku nalia. "Fidelis, mdogo wangu, mama anahitaji damu yako! Acha kila kitu, njoo Ikonda!"

Beda alikuwa kando yangu. Nikamwuliza kama Makambako wamepata. Akanishika bega, akaniambia limefika kote, niache wasiwasi nimuwahi mama.

Nikamwamini... Ningeachaje kumwamini?

Kule Ikonda, kila gari lililoingia nilitoka mbio kuchungulia. Wauguzi walihangaika, hata ndugu wa wagonjwa wengine walikubali kupimwa. Wapi! Mama alikuwa akiniuliza kwa sauti ya chini, "Fide amefika?" Nikawa namjibu yuko njiani. Alikata roho akiwa bado anamngoja.

Fidelis alikuja msibani baada ya dereva wa tawi letu la Mafinga, aliyesikia habari za msiba, kumpa pole barabarani. Hakulia. Alinitazama tu, akasema, "Dada, damu ya mama ninayo mimi. Kwa nini hukuniambia?"

Nikaapa kwamba nilitangaza. Wenzake wa Makambako nao wakaapa kuwa hawakusikia kitu, wala hawajapata tangazo lolote siku za karibuni. Nikashangaa. Hata la harusi yangu na Beda?

"Beda yupi?" akauliza Zaituni, karani wao, aliyekuja nao kutupa pole. Nikamwonyesha pale alipokaa na wanaume. Dada wa watu akashika kichwa. "Mungu wangu! Huyo si ndiye aliyeleta posa kwetu!"

Beda alipiga magoti mbele ya waombolezaji. Alikiri kuwa aliliondoa tawi la Makambako kwenye ile lebo ili Zaituni asisikie habari za harusi. Sauti yangu ilipita palepale Makambako, ikaenda zake Mafinga, nakala ya kwao haikushushwa. Nami nilipokuwa nalia kwenye kipaza sauti, alijua! Aliogopa kulirudisha, eti ningemwuliza kwa nini lilitolewa.

Hivi kweli, mtu anamwacha mama wa mwenzake afe ili tu asifumaniwe?

Mahari tuliirudisha. Mama hakuna wa kunirudishia!

Wasomaji wenzangu, nawaomba sana. Jambo la uhai usilitangaze kwa wote ukadhani umemaliza. Mtafute mwenyewe, mtumie mtu, nenda hata kwa miguu, mpaka usikie kwa kinywa chake kwamba amekuelewa. Wala usikubali mtu mwingine akujibie kwa niaba yake, hata awe ndiye unayelala ukimwota.

Fidelis sasa ana simu. Huwa nampigia. Anapokea, ananisikiliza mpaka nimalize kulia, halafu anakata bila kusema neno.