Sifuri Thelathini za Lynnet

Kila siku baada ya kufagia darasa, Lynnet na Nyatichi walibaki shuleni kwao Kendu Bay na bomba lao la karatasi lililoning'inia kwa kamba ya katani. Ungeliona ungedhani ni mzinga wa nyuki. Wao waliliita darubini ya eksirei, ile ya angani.

Mwalimu Zadock alikuwa amewaeleza kwamba darubini ya kweli huyumba kidogo hata ikilenga vizuri. Kwa hiyo kamera iliyo kando yake hutazama nyota zinazojulikana, na kuyumba kote huandikwa. Baadaye wanasayansi hurudisha kila nukta ya picha mahali pake. Basi Nyatichi alichungulia taa ya ukutani kupitia bomba na kutia nukta kwenye karatasi pale ilipoonekana, naye Lynnet alisoma rula na kuandika bomba limesogea kiasi gani.

Lakini Lynnet aliona haya. Bomba lilicheza kama mlevi anayetoka sokoni, waamuzi wa mashindano ya sayansi wangewacheka. Akaandika sifuri mara thelathini, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Siku ya mashindano mjini Homa Bay, walipanga nukta zao. Zikatawanyika kama ulezi uliochakurwa na kuku. Na mwalimu mkuu alishasema wakirudi mikono mitupu, klabu yao ya sayansi inafungwa na chumba chake kinawekwa maharagwe.

"Ni macho yangu," Nyatichi alisema huku akilia. "Mwambie Mwalimu anitoe."

Lynnet angenyamaza tu, angepona.

"Si macho yako. Nilidanganya. Sifuri zote nilizitunga."

Nyatichi alipangusa pua. "Yaani nimelia bure?"

Mwalimu Zadock hakugomba. Alitazama saa. "Dakika ishirini. Tundikeni bomba."

Walilifunga dirishani, upepo wa ziwa ukalisukasuka. Nyatichi alitia nukta upya, naye Lynnet aliandika: tatu kushoto, tano kulia, nane kushoto. Kila namba ilimchoma. Kisha wakasogeza nukta mojamoja hadi zote zikafunikwa na sarafu moja.

"Liliyumba hivi?" mwamuzi aliuliza akisoma namba za Lynnet.

"Sana, madam," Lynnet alijibu.

"Basi picha yenu naiamini."

Walishika nafasi ya tatu, klabu ikapona. Wakifungasha, Mwalimu Zadock alimwambia Lynnet, "Nyathina, mwanangu, kuyumba si kosa. Ukisema umeyumba wapi, tutakurekebisha. Ukificha, hata anayekupenda hajui aanzie wapi."