Barua ya Yohanes

Walburga na mumewe Yohanes walitoka mashine ya kusaga jua likiwa limeshagusa vilima. Yohanes anasukuma baiskeli yenye kiroba cha unga, huku analalamika.

"Mama Adela, unga huu mzito kuliko wewe siku ile nakuoa."

"Sukuma, mzee. Siku ile ulikuwa na magoti."

Wakacheka. Nyuma yao, barabara ya Songea, bodaboda zilinguruma kwa mbali. Mbele kijito, na ng'ambo yake nyumbani.

Walipokaribia maji, vyura wakanyamaza.

Chwi... chwi... chwi...

Njuga. Mtu anakimbia.

Kisha ikaja harufu. Lakiri inayoungua, ile nta nyekundu ya kufungia barua za zamani, na chini yake harufu ya damu, mbichi, kama siku ya kuchinja nguruwe.

Walburga akajua. Mama mkwe wake, Bibi Lidwina, alimnong'oneza hayo kabla hajafa. "Zamani za Wajerumani barua zilikuja kwa miguu, mwanangu. Tarishi alikimbia toka boma la Songea, barua kaibana kwenye fimbo iliyopasuliwa ncha, isilowe jasho. Akishaitoa hubaki palepale, harudi bila majibu. Sasa moja ilikuwa ya babu yake mume wako, Yohanes kama yeye. Ya kumwita akafungwe. Babu akamvizia tarishi kijitoni, akampiga panga la shingo. Fimbo haachii! Akamkata vidole, kimoja kimoja, na yule bado anasema, ni ya Yohanes, nimpe Yohanes... Siku akija kuita, mume wako asiitike. Umenisikia?"

Alikuwa amemsikia.

"Yohanes!"

Sauti ilitoka majini.

"Usiitike," Walburga akanong'ona.

"Yohanes!"

Tarishi akapanda ukingoni. Kaptula ya kaki, njuga miguuni, fimbo kaibana kwapani. Viganja vyake havikuwa na vidole. Na panga... panga bado limekaa shingoni mwake, mpini umening'inia begani.

Baiskeli ikaanguka. Yohanes, macho yamemtoka, alishafungua mdomo kama mtu anayevutwa ulimi.

"Yohanes!"

Walburga hakufikiri. Tangu akiwa msichana, kila Jumapili baada ya misa, katekista akisoma majina ya wenye barua na mwenyewe hayupo, ndugu ndiye hupaza sauti. Ikamtoka hiyohiyo.

"Nampokelea!"



Tarishi akageuza uso, polepole.

"Unampokelea... yote?"

Akamkandamiza Walburga mkono wa kulia kwenye jiwe kwa kigutu kilicholowa, baridi kama kambale. Akalibana lile panga kwa kigutu cha pili, akalichomoa shingoni. Likatoka na mlio wa nyama.

Tak.

Walburga akapiga yowe.

Tak. Tak.

Yohanes alikuwa amekaa chini, amejishika kichwa.

Tak.

Hospitali Yohanes alisema ni mnyororo wa baiskeli. Muuguzi akatazama jeraha, akamtazama yeye.

"Mzee, mnyororo gani unakata vidole vinne, sawasawa hivi?"

Usiku ule Yohanes alilia kando ya kitanda. "Mama Adela, umenifia ungali hai. Na mimi nitakuitikia. Popote utakapoitwa."

Barua waliikuta ndani ya unga. Hakuna aliyethubutu kuifungua. Waliitupa motoni jikoni, asubuhi ikawa juu ya majivu, lakiri yake laini, kama imebandikwa sasa hivi.

Jana jioni Walburga alikuwa anakoroga ugali kwa mkono wa kushoto. Yohanes kajiegemeza mlangoni, anamtania kwamba mwiko umemshinda.

Chwi... chwi... chwi...

Njuga zikasimama uani. Tarishi harudi bila majibu.

"Walburga!"

Mwiko ukamdondoka. Akamtazama mumewe.

"Walburga!"

"Baba Adela..." akanong'ona.

Yohanes alikuwa anatazama miguu yake. Midomo ameibana hadi imekuwa myeupe. Mikono yake yote miwili, yenye vidole vyote kumi, alikuwa ameificha kwapani.

"Walburga!"