Punje za Kiini Cheupe

Nanjala na jirani yake Sidi walitoka mtaa wa Buxton kila asubuhi kwenda ghala la mbegu, mtaa wa Tononoka. Huko walichambua mahindi ya watafiti, meza moja, kila mtu na bakuli lake. Mwisho wa mwezi, mmoja wao angefanywa mkuu wa meza.

Aliyesifiwa kila siku ni Sidi. Wivu ukampanda Nanjala hata chai iliyopoa mkononi mwake ikachemka upya. Mvuke ulionekana!

"Mimi nimezaliwa shambani Bungoma," alinung'unika. "Mbegu nzuri ni punje nene, iliyokolea rangi." Basi akachagua zilizo zambarau juu na kwenye kiini pia. Kisha akachungulia bakuli la Sidi. Lo! Juu zambarau, kiini cheupe pe!

"Bwana Kadenge!" akamwita msimamizi. "Njoo uone, huyu anakuchagulia punje gonjwa!"

"Bakuli langu lakuwasha nini, shoga?" Sidi akauliza.

Kadenge aliweka punje mbili kiganjani, akamgeukia Nanjala.

"Mama Wendy, tulichagua baba wa mahindi haya kwa sababu ya zambarau yake. Ndiyo alama ya urithi wake. Kiini ndicho kinachoota. Kikiwa zambarau, kimerithi kwa baba na mama. Hicho hatukitaki."

"Na cheupe?"

"Kimerithi kwa mama peke yake, yaani nusu ya urithi. Mche wake tutautia dawa, nusu ile ijirudie, iwe mbili zilizo sawa. Mbegu isiyobadilika tutaipata kwa misimu miwili, badala ya saba."

"Kumbe mimi..."

"Wewe umetutunzia za kutupwa!" Sidi akacheka mpaka kanga ikamvuka begani.

Nanjala alimwaga bakuli lake, akaanza upya. Sasa aligeuza kila punje dirishani, akitazama kiini. Yenye shaka aliiweka kando.

Kadenge akaotesha punje za kila mmoja. Miche ya nusu urithi huwa mifupi, yenye majani membamba. Siku ya kukagua, katika trei ya Sidi mitatu ilikuwa imerefuka, inang'aa. Ya Nanjala yote ilikuwa mifupi.

"Hongera, mama Wendy! Mkuu wa meza ni wewe."

Sidi aliikodolea macho ile miche mifupi kama mtu aliyenyang'anywa pilau.

"Hebu nionyeshe unavyozigeuza," akasema mwishowe, kwa shida.

Nanjala alijifanya hakusikia. Mara moja tu. Kisha akamsogezea kiti karibu na dirisha.