Msafara Usiorudi Langoni

Katibu wa klabu ya baiskeli alikutwa kifudifudi ofisini kwake, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine umeshika mguu wa meza. Damu ilikuwa imetoka kisogoni, ikafuata ufa wa sakafu ya saruji hadi chini ya kabati la vikombe vya ushindi. Ilikuwa Jumamosi, saa mbili kasorobo asubuhi.

Inspekta alichuchumaa bila kugusa kitu. Alikuwa mwanamke mfupi, miaka kumi na tisa kazini, na goti lililomlalamikia kila mara alipochuchumaa.

"Nani kamkuta?"

"Mlinzi, afande," koplo wake alijibu. "Anasema alimfungulia lango saa kumi na mbili na dakika tano. Akaingia humu kuandaa msafara wa leo. Saa moja na nusu waendeshaji wakaanza kujaa uwanjani, yeye hatoki. Mlinzi akaja kumwita."

"Nani mwingine aliingia?"

"Hakuona mtu. Lakini kuna mlango wa nyuma, upande wa karakana. Wanachama wa zamani wote wanajua komeo lake linafunguka kwa kidole."

Daktari wa polisi alivua glavu. "Pigo moja tu. Chuma chembamba, kizito. Hakuwahi hata kuinua mkono. Amekufa kati ya saa kumi na mbili na saa moja."

Hakuna kilichoibiwa. Simu ilikuwa mfukoni, saa mkononi. Juu ya meza lilikuwa daftari kubwa la jalada jeusi, limeachwa wazi. Ukurasa mmoja ulikuwa umechanwa, meno ya karatasi yamebaki kwenye mshono.

"Daftari la nini hili?"

Mwenyekiti wa klabu alikuwa amesimama mlangoni, kijasho chembamba kikimtoka. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kung'oa meno ya watu, lakini damu hii ilikuwa imemshinda.

"Ni la mashindano ya kilomita, Inspekta. Mwaka mzima tunahesabu kilomita ambazo kila mtu ameendesha akiwa na wenzake. Ukiendesha peke yako, huandikiwi. Jana jioni tulikutana kuamua msafara upi uhesabiwe na upi usihesabiwe."

"Mkaamua?"

"Katibu aliamua. Sisi tulipiga makofi."

"Aliamua nini?"

"Msafara uwe na watu wasiopungua wanne. Uwe na kiongozi aliyetajwa. Uanzie langoni na uishie langoni. Usiotimiza hayo, anaupiga mstari."

"Nani hakupiga makofi?"

Mwenyekiti alitazama uwanjani. "Mshale."

Mshale alikuwa kijana wa duka la miwani, miguu mirefu, maneno mengi. Walimkuta uwanjani amekalia kofia yake ngumu. Misafara yake yote ya Alhamisi, aliyokuwa akiendesha na wafanyakazi wenzake kuanzia dukani, ilikuwa imefutwa. Kutoka nafasi ya kwanza alikuwa ameporomoka hadi ya sita.

"Jana ulimwambia katibu nini?"

"Watu wameshakuambia."

"Nataka nikusikie wewe."

"Nilisema nitamuua." Aliinuka kwenye kofia. "Afande, ni maneno ya hasira. Hata mke wangu namwambia hivyo akinimalizia sukari."

"Mkeo yuko hai?"

"Yuko hai!"

"Saa kumi na mbili leo ulikuwa wapi?"

"Njiani. Nilitoka nyumbani saa kumi na moja na nusu, nikapanda hadi kwenye tangi la maji, nikashuka."

"Nani alikuona?"

Mshale alichomoa kifaa kidogo cha kurekodi safari kwenye usukani wa baiskeli yake, akampa kwa mikono miwili kama anayekabidhi mtoto mchanga. "Hiki."

Koplo, aliyekuwa mjuzi wa mambo hayo, alikikagua kwa dakika kumi. "Anasema kweli, afande. Saa kumi na mbili na robo yuko kilomita kumi na tisa kutoka hapa. Saa moja kasoro dakika tano bado anashuka mlima. Mapigo ya moyo wake yamo pia, hawezi kuwa amempa mtu."

Inspekta alimrudishia. "Usiondoke mjini."

Alirudi ofisini akiwa na swali moja. Kurasa za Alhamisi zilikuwepo zote, kila mmoja una mstari mwekundu. Sasa ule uliochanwa ulikuwa wa nini?

Mtaalamu wa alama alifunga dirisha na kulaza tochi pembeni ya ukurasa uliofuata. Walioandika daftari hili walikuwa na tabia ya kukandamiza kalamu, katibu kuliko wote. Pole pole, kati ya maandishi ya msafara uliofuata, vikajitokeza vivuli vya maandishi: tarehe ya miezi mitano iliyopita, majina manne, kilomita arobaini na moja. Na juu yake, kwa herufi kubwa zilizokaribia kutoboa karatasi: HAUHESABIWI.

Inspekta alimwita mwenyekiti tena. "Siku hii kulitokea nini?"

Yule bwana alitazama tarehe, akatafuta kiti, akakaa.

"Siku hiyo tulimpoteza msichana wetu mmoja. Lori la kokoto lilimgonga kwenye barabara ya machimbo, mvua inanyesha. Alikuwa na miaka ishirini na miwili."

"Kiongozi wa msafara alikuwa nani?"

Mwenyekiti aligeuza uso kuelekea kabati la vikombe.

"Mwenyekiti, nimeuliza."

"Katibu. Lakini hakutokea. Aliwaandikia kwenye kundi la simu watangulie, wapite machimbo, atawakuta mbele. Hakuwakuta. Baadaye akaufuta ule ujumbe."

"Na jana?"

"Mtu aliuliza, je, msafara ule? Katibu akasema haukuwa na kiongozi na haukurudi langoni, kwa hiyo haukuwa msafara wa klabu. Walikuwa watu wanne kwenye shughuli zao. Akaupiga mstari mbele yetu sote."

"Huyo msichana ana ndugu hapa klabuni?"

"Baba yake. Ndiye fundi wetu."

"Jana alikuwepo?"

"Alikaa nyuma kabisa. Hakusema neno." Mwenyekiti aliinamisha kichwa. "Ndiyo maana hakuna aliyemkumbuka."

Karakana ilikuwa hatua kumi na tano kutoka ofisini. Fundi, mzee wa miaka sitini na kitu, alikuwa ameketi kwenye stuli akinyoosha rimu iliyopinda. Hakusimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Umefika saa ngapi leo?"

"Saa mbili."

Inspekta alitembeza macho ukutani. Spana zilikuwa zimetundikwa kwa ukubwa, kila moja ndani ya mchoro wake wa rangi nyeupe. Zote zilikuwa nyeusi kwa grisi ya miaka. Moja tu, ile ndefu ya tatu, iling'aa kama kijiko cha wageni.

"Ile mbona umeisafisha peke yake?"

Fundi aliangalia ukuta. Rimu iliendelea kuzunguka mikononi mwake, ikapunguza mwendo, ikasimama.

"Koplo, ichukue. Tundu la mpini lichunguzwe, damu haitoki kirahisi mahali pale." Kisha, kwa sauti ya chini, "Mzee, una haki ya kunyamaza. Lolote utakalosema litaandikwa."

"Andika." Alifungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Sikuichana ili kuficha. Waendeshaji huandika majina yao wenyewe kabla ya kutoka. Hili hapa ni la mwanangu, kwa mkono wake. Sikutaka libaki chini ya ule mstari."

Kituoni alieleza yote bila kuvutwa ulimi. Alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, akaanza kufungua gurudumu, spana mkononi. Akasikia katibu anapangapanga vikombe. Akamfuata.

"Ulikwenda kumuua?"

"Nilikwenda kumwomba. Nilimwambia, sitaki kikombe, mashindano yenu sina haja nayo. Andika tu kwamba ulikuwa msafara wa klabu, na kwamba wewe ulikuwa kiongozi wao. Basi."

"Akajibu nini?"

"Akasema kanuni ni kanuni. Akasema, 'Mzee, binti yako alikwenda kwa hiari yake.' Akanipa mgongo, akaendelea kufuta vumbi kwenye vikombe vyake."

"Ndipo ukampiga."

"Ndipo nikampiga."

Koplo aliandika. Inspekta alingoja, maana aliona mzee hajamaliza.

"Hakwenda kwa hiari yake," fundi alisema. "Hakutaka kwenda kabisa. Mvua ilikuwa inapiga bati, akaniambia, 'Baba, leo niache nilale.' Mimi ndiye nilimvuta shuka. Mama yake alinigombeza, nikamwambia asimdekeze mtoto. Nikamwambia binti, wenzako wanakusubiri, katibu mwenyewe anaongoza, msafara wa klabu haukosi mtu kwa sababu ya manyunyu. Nilimjazia upepo magurudumu kwa mikono hii."

Aliitazama ile mikono juu ya meza, grisi imeingia hadi kwenye mistari ya viganja.

"Miezi mitano nimeishi kwa neno hilo tu, kwamba nilimwamsha aende na klabu yake, penye watu, penye kiongozi. Jana mtu anasimama, anasema hakukuwa na msafara. Sasa niambie wewe, mwanangu. Kama hakukuwa na msafara, mimi nilimwamsha aende wapi?"

Inspekta alimsomea maelezo yake tangu mwanzo hadi mwisho, kama sheria inavyotaka, kisha akamsogezea kalamu.