Mgongo wa Nevena

Jirani zangu wa kijiji cha Gorna Reka, na ninyi wa mbali mlio na akina mama wanaonyonyesha majumbani, nisikilizeni. Niliyoyaona kwa Bibi Zlata bado yananitetemesha.

Ilikuwa asubuhi tulivu ya majira ya kuchipua. Kondoo wa Krum, mwanawe Bibi Zlata, walikuwa wameshakamuliwa, na sufuria ya maharage ilichemka polepole jikoni. Nevena, mke wa Krum, alikaa barazani akimnyonyesha Asen, mtoto wao wa kwanza. Mtoto alikuwa amenona, mashavu kama mkate uliotoka tanurini. Ungepita hapo ungesema hii nyumba ina heri.

Asen aliposhiba, Nevena alitaka kusimama. Akashindwa. Alishika nguzo, jasho likimtiririka.

"Mgongo, Shangazi Tinka," aliniambia kwa sauti ndogo. "Kama mtu ananipigilia msumari."

Bibi Zlata, mama mkwe wake, alimsikia kutoka jikoni. "Umeanza tena? Mimi nilijifungua Jumamosi, Jumatatu niko shambani nachuma tumbaku! Wasichana wa siku hizi mmeumbwa kwa karatasi."

Krum alicheka huku akivua buti. "Mke wangu, hata kondoo wangu wananyonyesha, tena mapacha, na sijamsikia mmoja akilalamikia kiuno."

Nilimkodolea macho. "Krum, juzi kondoo wako alianguka baada ya kuzaa. Ulifanya nini?"

"Nilimwita daktari wa mifugo. Akamchoma sindano ya kalsiamu, akasimama."

"Basi mkeo naye hawezi kusimama."

Alijikuna kisogo, akamtazama mama yake, akaingia ndani. Ndivyo ilivyokuwa kila mara. Bibi Zlata ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, hata kwenye sahani ya Nevena. Kwa kuwa tulikuwa katika mfungo wa Pasaka, alimnyima maziwa, jibini na mayai, ingawa padri alikuwa ametangaza kanisani kwamba mama anayenyonyesha hafungi. "Padri hajawahi kuwa na mkwe," Bibi Zlata alisema.

Alhamisi Kuu, siku ya kupaka mayai ya Pasaka rangi nyekundu, nilikwenda kuazima chungu kwao. Asen alilia kitandani kwake. Nevena aliinama, akamwinua, na hapo nikasikia mlio mdogo, mkavu, kama ukuni unaovunjwa gotini. Nevena alipiga yowe ambalo sijalisikia kwa mtu hata siku moja. Alishuka magotini taratibu, mtoto bado kifuani. Hakumwachia.

"Acha vituko, majirani watasikia!" Bibi Zlata alifoka. Kisha akauona uso wake. Yai lililokuwa mkononi mwake likaanguka.

Tulimbeba Nevena juu ya mlango uliong'olewa kwenye bawaba, hadi hospitali ya mjini. Daktari Petkova, mwanamke mpole, alitundika picha ya eksirei mbele ya taa.

"Aligongwa na gari?" aliuliza.

"Hapana," Krum alijibu. "Aliinua mtoto."

Daktari akatuonyesha pingili za uti wa mgongo. Zilizo nzima zilikuwa na umbo la tofali. Tatu zilikuwa zimebonyea kama mkate uliokanyagwa.

"Mama anaponyonyesha," alisema, "titi lenyewe hutoa homoni inayoiambia mifupa iachie kalsiamu iingie kwenye maziwa. Wakati huohuo homoni ya kike inayoilinda mifupa hupungua sana. Ni jambo la kawaida. Wanawake karibu wote hupoteza mfupa kidogo, na mtoto akiacha kunyonya, mfupa hujijenga tena. Lakini wachache sana, hasa ambao mifupa yao ilikuwa dhaifu tangu mwanzo, huvunjika."

"Ni mfungo ndio umemvunja?" Krum aliuliza.

"Haukumsaidia. Lakini wapo wanaokula vizuri na bado wakavunjika. Mimi nawauliza jambo jingine. Alianza kuumwa lini?"

Kisha daktari aliweka kidole kwenye picha.

"Pingili hii ya chini si ya leo. Ilivunjika wiki nyingi zilizopita."

Jamani! Wiki zote zile alifua nepi, alibeba kuni, alitukanwa uvivu, na mgongo wake umevunjika!

Bibi Zlata, aliyekuwa amekuja nasi, aliisogelea picha. "Mimi nami niliumwa hivihivi nilipomnyonyesha Krum," alisema. "Nikamwambia mama mkwe wangu. Akaniita mvivu. Nikadhani ndivyo uzazi ulivyo." Krum alimtazama kama mtu asiyemjua.

Nevena aliachishwa kunyonyesha, akapewa dawa na mkanda mgumu wa mgongo. Alilia zaidi kwa ajili ya maziwa kuliko kwa ajili ya maumivu. Mifupa imepata nguvu polepole, maumivu yamepoa, lakini pingili zilizobonyea hazikuinuka. Amekuwa mfupi, magauni yake yote yalikatwa pindo. Mwaka mzima hakuruhusiwa kumbeba mwanawe. Asen alikuwa akimnyooshea mikono, na yeye anageuza uso asimwone. Siku hizi Krum ndiye anayefua, na wanaume wa kilabuni wakimcheka huwajibu, "Chekeni. Mimi nilicheka kabla yenu."

FUNZO

Mama anayenyonyesha hutoa maziwa kutoka ndani ya mifupa yake mwenyewe. Mpeni chakula kizuri, maziwa na jibini, na msimwachishe kunyonyesha kwa hofu, kwani wengi hawapatwi na haya. Lakini akisema mgongo unamuuma, maumivu yasiyoisha, msimpime kwa uzazi wenu wa zamani wala msimcheke. Mpelekeni kwa daktari siku hiyohiyo. Nevena alisema mapema, kwa maneno yanayoeleweka, na nyumba nzima ilimsikia.