Bango la Dhol Sarai

Asubuhi ile stesheni ya Dhol Sarai iliamka haina jina. Bango la vigae vya buluu lililokuwa juu ya lango kuu lilikuwa limefunguliwa usiku, ukuta umebaki na matundu ya skurubu tu. Chini yake, juu ya benchi, kitambaa kilicholifunika kilikuwa kimekunjwa vizuri kama nguo ya kupelekwa ukweni.

Inspekta Khizar Langrial wa polisi wa reli alishuka kwenye treni ya Multan, akasimama akikitazama kile kitambaa zaidi ya alivyoutazama ukuta.

"Mshukiwa tunaye, Sahibu," polisi wa mjini akamwambia. "Mlinzi. Amekiri kwamba alilala."

"Kulala amekiri. Kuiba je?"

Polisi akajikuna shingo.

Mlinzi huyo, Rab Nawaz, aliyeitwa na wote Chacha, yaani ami, mzee wa ndevu za hina, alikuwa mahabusu tangu alfajiri. Kilichomuuma hakikuwa chuma cha pingu. Wajukuu zake walikuwa wamekatisha safari ya shule na kurudi wakilia, wameitwa kizazi cha mwizi. Aliapa kwa Mola wake kwamba hajagusa hata msumari. Khizar alimwamini, lakini imani ya mpelelezi haifungui mlango wa seli. Ushahidi ndio ufunguo.

Eneo la tukio lilikuwa na mambo ya ajabu. Alama za vidole zilikuwa tele, za kila fundi aliyewahi kupita pale, kwa hiyo hazikusaidia kitu. Mabomba ya shaba yalilala karibu na ngazi, mali ya kuuzika mchana huohuo, na hakuna aliyeyagusa. Skurubu za bango zilikuwa zimewekwa kwenye kopo, zote. Mwizi gani huyo, Khizar akajiuliza, anayekunja kitambaa na kuhifadhi skurubu?

Alimkuta mwenye kazi ya ukarabati wa stesheni katika chumba cha kungojea cha wanawake. Sarwat Gardezi alikuwa msanifu majengo, na njia nzima ya reli ilimwita Apa, dada mkubwa, hata wazee waliomzidi umri. Alianza kazi zamani, wakati mwanamke kupanda jukwaa la mafundi ilikuwa habari ya kusimuliwa wiki nzima. Walipotaka kuibomoa stesheni ya Gulab Kot wajenge sanduku la zege, aliweka meza yake ya kuchorea katikati ya ukumbi na kuendelea kuchora mpaka matrekta yakaondoka. Baada ya hapo aliifufua stesheni moja baada ya nyingine. Aliyainua mapaa yaliyokata tamaa, akazibua madirisha yaliyozibwa kwa matofali, akarudisha upepo mahali ulipokuwa zamani. Khizar aliujua upepo huo. Alipokuwa kuruta huko Gulab Kot, joto la Juni lingemuua kama si ule ukumbi wa Apa.

Dhol Sarai ilikuwa stesheni yake ya mwisho. Ingefunguliwa Jumamosi, kisha angestaafu.

"Mtoeni Rab Nawaz," Apa alisema. "Yule hawezi kuiba hata usingizi. Usingizi ndio humwiba yeye."

Alimmiminia chai, akamuuliza jina lake na anakotoka. Kikombe kilipofika nusu, akamuuliza tena, kwa uchangamfu uleule.

Alieleza kwamba bango alilichora mwenyewe, akawapelekea mafundi wa vigae Multan bila kumwonyesha mtu. Alitaka liwe zawadi yake kwa mji. Vigae vilikuja vimebandikwa kwenye mbao, vimefungwa karatasi, na vikapandishwa ukutani hivyohivyo, kitambaa juu yake, visije vikachafuliwa na rangi. Hakuna aliyeviona.

"Hata msaidizi wako?"

"Yawar? Hata yeye. Na alivyo mbishi, miezi yote hii ameniomba nimwonyeshe."

Yawar Bosan alikuwa amefanya kazi na Apa tangu nywele zake mwenyewe zikiwa nyeusi. Alikuja mbele ya Inspekta na fulana iliyojaa vumbi na macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Juu ya ngazi. Nilikagua skurubu za bango."

"Ulilifunua?"

"Kidogo tu. Nilikuwa na hamu."

"Limeandikwa nini?"

"Jina la stesheni, Sahibu. Dhol Sarai. Kwa mwandiko mzuri sana."

Khizar aliandika maelezo hayo, akamshukuru, kisha akaenda stoo kulikagua kasha lililoleta vigae. Ndani ya majani makavu mkono wake ukagusa kitu cha baridi. Kilikuwa kigae kimoja, kipya, cha buluu na nyeupe. Mafundi hupeleka kigae cha akiba cha herufi ya kwanza, kwa kuwa ndicho kikubwa na ndicho huvunjika njiani.

Herufi hiyo ilikuwa G.

Khizar alikaa juu ya kasha. Alilitamka jina la mji taratibu, Dhol Sarai, kama mtoto wa darasa la kwanza. Hakuna G mwanzoni, hakuna G mwishoni. Akampigia simu fundi wa Multan. Fundi alijibu bila wasiwasi kwamba ndiyo, Apa aliagiza bango la Gulab Kot, naye alidhani anaipamba upya stesheni yake ya kwanza. Apa Sarwat haulizwi maswali.

Alimwita Yawar stoo, akafunga mlango, akamwekea kigae mapajani.

"Ulinidanganya," akasema kwa upole.

Yawar alikifuta kigae vumbi kwa kiganja. Hakutafuta uongo mwingine.

"Bango lipo ndani ya tangi la zamani la maji. Sijalivunja hata ncha. Niandikie kesi, Sahibu. Sema nilitaka kuliuza. Nitatia sahihi. Rab Nawaz atoke leo, mimi niingie. Nilidhani watasema ni wezi wa njiani, sikufikiri watamkamata mzee wa watu. Ila sababu usiiandike."

"Sababu ndiyo ninayoitaka."

"Watu watajaa hapa Jumamosi. Kitambaa kitavutwa, na mji mzima utasoma jina la mji mwingine. Maisha yote amejenga, halafu wakumbuke siku hiyo moja tu? Watacheka. Apa mimi nimemwona akiteremka ngazi na homa, akiwa na mimba, akiwa mjane wa siku arobaini. Sijamwona akichekwa."

"Amekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu msimu wa baridi. Kwanza alisahau miwani. Kisha majina. Mimi husahihisha michoro anapolala mchana. Hili lilinipita kwa sababu alilificha."

Mlango ulisukumwa. Apa Sarwat alisimama pale na fimbo yake. Mbao za stoo ile zilikuwa nyembamba, na masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote.

Yawar alisimama kama mwanafunzi aliyefumaniwa. Apa alikitwaa kigae, akakigeuza kwenye mwanga.

"Gulab Kot," akasema. "Basi nilikuwa huko." Kisha akamgeukia Yawar. "Unadhani sikuona kwamba mistari yangu inanyooka yenyewe nikilala? Nilijua. Nilinyamaza nisikutie huzuni."

"Na mimi vilevile, Apa."

"Tazama wapumbavu wawili," akasema, na akamshika mkono.

Khizar alijifanya anakagua dari. Alipogeuka, Apa alikuwa amemkazia macho, akamwuliza sheria inasemaje. Khizar akamjibu kwamba bango bado halijakabidhiwa kwa reli. Ni mali ya aliyelitengenezesha, na mwenye mali asipolalamika, kesi haina miguu.

"Silalamiki. Na Jumamosi nitawaambia watu mwenyewe. Mji ukicheka, na ucheke nikiwepo."

Rab Nawaz aliachiliwa kabla ya adhuhuri. Yawar alimfuata mpaka nyumbani, akamwomba radhi mbele ya wajukuu na majirani, akatamka kwa sauti kwamba mwizi ni yeye. Mzee alimwacha asimame juani kidogo, kisha akamwita ndani wale mkate na dengu.

Jumamosi Apa aliwaambia watu habari ya bango na ya kusahau kwake. Hakuna aliyecheka. Jina la Dhol Sarai liliandikwa ukutani kwa brashi, na Yawar ndiye aliyekata utepe, kwa amri ya Apa.

Jioni hiyo Khizar alirudi Multan kwa treni moja nao. Kasha la bango lilikuwa miguuni pao. Gulab Kot ingepata zawadi iliyochelewa.

"Tunakwenda wapi, Yawar?" Apa aliuliza treni ilipoanza kutembea.

"Gulab Kot, Apa."

"Ah. Paa lake lilinitesa."

Akaanza kusimulia lile paa, boriti kwa boriti, bila kukosea hata moja. Baada ya kituo kilichofuata akauliza tena wanakwenda wapi. Yawar akamwambia, kisha akasogea karibu kumsikiliza, kama mtu anayesikia habari za paa lile kwa mara ya kwanza.